Vibete saba wa Snow White: yanayosemwa na yaliyomo kwenye filamu

Mtaje Snow White popote, utasikia habari za binti mzuri, malkia mwenye wivu, tufaha lenye sumu na busu la mwana wa mfalme. Wale vibete saba wa msituni hutajwa mwishoni, kama wapambe wa harusi. Mimi naona kinyume kabisa. Filamu ya Walt Disney ya mwaka 1937, *Snow White and the Seven Dwarfs*, imedumu hadi leo kwa sababu ya wale saba, na mengi yanayosemwa kimakosa juu yake yanatokana na kutowatazama vizuri.

Chukua wimbo wao wa "Heigh-Ho". Karibu kila mtu anauita wimbo wa kwenda kazini, na watu huuimba asubuhi wakishika njia ya ofisini. Katika filamu mambo si hivyo. Tunawakuta vibete mgodini wakichimba almasi, Doc akizikagua moja moja, Dopey akifagia mabaki. Saa inagonga, Doc anapaza sauti, zana zinawekwa chini. Ndipo wimbo unapoanza, na maneno yake yanasema wazi kwamba wanarudi nyumbani. Wanapita mmoja nyuma ya mwingine juu ya gogo, jua likizama. Ni wimbo wa watu waliochoka na wenye furaha kwamba siku imekwisha. Na kabla hawajaondoka, Dopey anafunga mlango wa ghala la almasi kwa ufunguo, kisha anautundika ufunguo huohuo pembeni ya mlango! Tukio hilo ni la sekunde chache tu, lakini linakueleza kila kitu kuhusu watu hawa: wana utajiri wa kumtosha mfalme, wala hawana habari nao.

Dhana nyingine iliyoshika mizizi ni kwamba Grumpy, Dopey, Doc, Sneezy, Happy, Bashful na Sleepy wametoka kwa ndugu Grimm. Hapana. Jacob na Wilhelm Grimm walichapisha hadithi hii Ujerumani mwaka 1812, na vibete wao hawana majina. Ni wachimba madini milimani, wema, wenye huruma, lakini huwezi kumtofautisha huyu na yule. Mchezo wa jukwaani ulioonyeshwa Broadway, New York, mwaka 1912 uliwapa majina, ila si haya tunayoyajua. Haya yalibuniwa studio kwa Disney, yakachujwa kutoka orodha ndefu iliyokuwa na majina kama Jumpy, Deafy na Baldy.

Kuchagua jina kulikuwa sehemu ya kumuumba mhusika. Jina likishasema huyu ni Grumpy, yaani mnuni, mchoraji analazimika kulionyesha hilo kwenye mabega, kwenye hatua, kwenye namna ya kukunja mikono. Sauti nazo zilichangia. Sneezy alipewa Billy Gilbert, mchekeshaji aliyekuwa maarufu kwa chafya zake. Doc wa kutatanisha maneno alipata tabia hiyo kwa Roy Atwell, aliyekuwa na mtindo huohuo jukwaani. Pinto Colvig alibeba wawili, Grumpy na Sleepy. Na Dopey? Wengi husema ni bubu. Filamu yenyewe inatoa jibu: Happy anamweleza Snow White kwamba Dopey hajui kama anaweza kusema, maana hajawahi kujaribu. Mimi nalipenda sana jibu hilo, kwa sababu linamwacha Dopey mzima, bila kasoro ya kuhurumiwa.

Kuna na nyumba yao. Waliosoma Grimm wakiwa wadogo hushangaa nikiwaambia kwamba kitabuni nyumba ya vibete ni safi kupindukia: meza imetandikwa kitambaa cheupe, vitanda vimepangwa, kila kitu kidogo kiko mahali pake. Disney aliigeuza. Katika filamu kuna utando wa buibui, vyombo vichafu vimerundikana, na Snow White anadhani hapa wanaishi watoto wasio na mama. Mabadiliko hayo madogo ndiyo yanayoipa filamu sehemu yake ya katikati. Bila uchafu ule hakuna usafi pamoja na wanyama, hakuna vibete kurudi na kuogopa kwamba jini limeingia ndani, wala hakuna amri ya kunawa mikono kabla ya kula, ambayo Grumpy anaikataa mpaka wenzake wanamshika na kumtosa majini kwa nguvu.

Kuhusu busu, niseme kwa kifupi. Kwa Grimm hakuna busu linaloamsha mtu. Wabebaji wa jeneza la kioo wanajikwaa, kipande cha tufaha kinachoropoka kooni, binti anafumbua macho. Tena malkia hakufika na tufaha peke yake. Alimjaribu mara tatu, kwanza kwa kamba ya kumbana kifua, kisha kwa kitana chenye sumu. Disney alibakiza jaribio la mwisho tu, na kwa filamu ya dakika themanini na kitu alifanya sawa.

"Ndiyo katuni ndefu ya kwanza duniani." Sentensi hii huandikwa hata na watu wanaopaswa kujua zaidi. Argentina ilikuwa na *El Apóstol* ya Quirino Cristiani mwaka 1917, filamu ambayo baadaye iliteketea kwa moto. Ujerumani ilikuwa na *Die Abenteuer des Prinzen Achmed* ya Lotte Reiniger, mwaka 1926, iliyotengenezwa kwa vivuli vya karatasi iliyokatwa kwa mkasi, na hiyo bado ipo na inatazamika. Snow White ni katuni ndefu ya kwanza ya Marekani, na ya kwanza kuchorwa yote kwa mkono juu ya karatasi angavu za selulodi. Hiyo ni heshima ya kutosha. Haihitaji kumnyang'anya Reiniger ya kwake.

Sasa dhana inayoniudhi kuliko zote: kwamba Walt Disney ndiye aliyeichora. Disney aliisimulia hadithi, akaiigiza mbele ya wafanyakazi wake akicheza kila mhusika, akaisimamia kwa jicho kali na kuitafutia fedha. Lakini kalamu zilikuwa mikononi mwa mamia ya watu wengine. Mwongozaji msimamizi alikuwa David Hand. Fred Moore na Vladimir Tytla ndio waliowapa vibete miili na roho. Mtazame Grumpy baada ya Snow White kumbusu kichwani asubuhi: anaondoka kwa hasira, hatua nzitonzito, kisha hatua zinalegea, uso unalainika, anashusha pumzi, na anapogundua kwamba anaonekana anakunja uso tena na kwenda kunasisha pua yake mtini. Ni kazi ya Tytla. Mapenzi na aibu ya mzee mzima vimo katika mistari ya penseli.

Michoro hiyo ya penseli ilipokwisha, ilikwenda idara ya wino na rangi, iliyojaa wanawake vijana. Kila mchoro walinakili kwa wino upande mmoja wa selulodi, kisha wakageuza na kupaka rangi upande wa pili, wakiwa wamevaa glavu za pamba ili alama za vidole zisiingie kwenye picha. Sinema inakula picha 24 kwa sekunde, na tukio moja huwa na vibete saba kwa pamoja. Fikiria idadi ya ndevu tu! Wengi wa wanawake hao hawakutajwa popote. Hata Adriana Caselotti, aliyempa Snow White sauti, jina lake halimo kwenye filamu. Wala la Marge Belcher, aliyecheza na kutembea mbele ya kamera ili wachoraji waone gauni linavyozunguka, halimo.

Na kuna waliochora vitu ambavyo watu hawakuviona kabisa. Mchoraji Ward Kimball alitumia miezi akichora vibete wakinywa supu, kila mmoja na mlio wake, na Snow White akiwafundisha adabu za mezani. Disney aliliondoa tukio lote kwa sababu liliichelewesha hadithi. Kimball alikasirika, akafikiria kuacha kazi. Akapewa kusimamia uchoraji wa Jiminy Cricket, yule nyenje wa filamu ya Disney *Pinocchio* ya mwaka 1940. Michoro ya supu, ikiwa bado ya penseli, ilionyeshwa hatimaye kwenye televisheni mwaka 1956.

Mzazi anayesema hii ni ya watoto wadogo, amwekee tu mtoto na kwenda jikoni, afikirie tena. Uingereza ilipoitoa iliipa daraja lililotaka mtoto aongozane na mtu mzima. Msitu unaomkamata Snow White kwa matawi yake usiku unatisha kweli. Halafu kuna maombolezo. Frank Thomas aliwachora vibete kando ya kitanda cha mauti karibu bila mwendo, machozi yakiwatiririka, Grumpy akigeuka kuficha uso. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, ukumbi wa Carthay Circle, Los Angeles, tarehe 21 Desemba 1937, watu wazima, nyota wa Hollywood, walilia juu ya michoro. Hao ni watu wa mji uleule uliokuwa umeipachika kazi hii jina la upuuzi wa Disney, gharama zilipopanda kutoka dola 250,000 zilizokadiriwa hadi karibu milioni 1.5.

Mwisho ni Oscar. Husemwa kwamba ilishinda tuzo ya filamu bora. Haikushinda, wala haikuteuliwa katika kundi hilo. Mwaka 1938 iliteuliwa kwa muziki wake tu. Mwaka 1939 Disney alipewa tuzo maalumu kwa kufungua uwanja mpya wa burudani, akakabidhiwa na Shirley Temple, mwigizaji wa miaka 10. Juu ya ubao ilisimama sanamu moja ya kawaida, na pembeni yake nyingine saba ndogo, zimeshuka kama ngazi. Tuzo ya umbo hilo haijapewa filamu nyingine.