Bango la Vidakuzi kwenye Ukurasa wa Kutua: Kinachotendeka Kabla Mgeni Hajabofya

Watu wa masoko wanaponiomba nikague kurasa zao za kutua, yaani zile anazofikia mtu anapobofya tangazo, swali lao la kwanza mara nyingi huhusu mwonekano wa bango la idhini, lile linalomwomba mgeni akubali vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huhifadhi katika kivinjari chake: likae juu au chini, liwe na rangi gani, litumie maneno gani. Mimi huanzia kwingine. Nataka kujua ukurasa umekwisha kutuma nini, na kwa nani, kabla mgeni hajagusa chochote. Bango linaweza kuwa limeandikwa kwa uangalifu mkubwa na bado ukurasa ukawa unakiuka sheria tangu sekunde ya kwanza ulipofunguka.

Kipimo chenyewe hakihitaji programu ya kununua. Hufungua ukurasa katika dirisha la faragha la kivinjari, nikafungua zana za wasanidi zilizomo humo humo kwenye kivinjari, kisha nikatazama orodha ya vidakuzi bila kubofya kitufe chochote. Nikikikuta humo kidakuzi kiitwacho _ga, cha Google Analytics, huduma ya kupima takwimu za wageni, ambacho kwa kawaida huwekewa muda wa miaka 2, au _fbp cha Meta, ambacho hudumu siku 90, najua kwamba idhini inaombwa baada ya jambo kwisha kutendeka. Baada ya hapo hubofya kitufe cha kukataa, nikaupakia ukurasa upya na kutazama tena, kwa sababu yapo mabango yanayohifadhi jibu la mgeni vizuri kabisa ilhali hakuna msimbo hata mmoja unaolisoma jibu hilo.

Msingi wa kisheria ni Kifungu cha 5(3) cha Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 kuhusu faragha katika mawasiliano ya kielektroniki, lililorekebishwa mwaka 2009. Kifungu hicho kinadai idhini kabla ya kuhifadhi taarifa katika kifaa cha mtu au kuzisoma zilizomo, isipokuwa pale jambo hilo linapokuwa la lazima ili kumpa huduma aliyoiomba mwenyewe, au kwa ajili ya kupitisha mawasiliano tu. Maneno ya kifungu hayataji vidakuzi, na kwa hiyo kuhamishia kitambulisho cha mgeni kwenye hifadhi nyingine ya kivinjari hakumwondolei mtu wajibu. Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ndiyo inayoeleza idhini halali ni ipi: iliyotolewa kwa hiari, kwa jambo mahususi, kwa kuelewa, na kwa tendo lililo wazi. Tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichowekwa alama mapema si idhini. Mnamo Januari 2022, mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukataa vidakuzi kulihitaji hatua nyingi kuliko kukubali. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kitufe cha kukataa kikae katika safu ileile ya kwanza na kile cha kukubali, kwa ukubwa uleule, na si nyuma ya kiungo cha mipangilio.

Kurasa za kutua zina udhaifu wake wa pekee. Mara nyingi hujengwa kwa zana tofauti na ile ya tovuti kuu, na watu tofauti, kwa haraka ya kampeni, hivyo bango la tovuti kuu halizifikii. Ukurasa ukiwa katika kikoa kidogo cha kikoa kilekile cha tovuti kuu (kikoa ni jina la anwani ya tovuti, kama mfano.com, na kikoa kidogo ni tawi lake, kama kampeni.mfano.com), jibu la mgeni linaweza kusomwa pande zote mbili iwapo kidakuzi cha idhini kimewekwa kwenye kikoa kikuu; ukiwa katika kikoa kingine kabisa, mgeni hana budi kuulizwa upya. Tena wabunifu huondoa menyu na viungo vya chini ili mgeni asipotee njia, na pamoja navyo huondoka kiungo cha kubadili uamuzi. GDPR inadai kwamba kuondoa idhini kuwe rahisi sawa na kuitoa. Kiungo hicho kidogo lazima kibaki, hata kama kila kingine kimeondolewa.

Hofu ya kupoteza takwimu naielewa, na sehemu yake inatokana na kosa la kiufundi linalorekebishika. Anwani ya ukurasa wa kutua hubeba alama za kampeni, kama vile gclid ya matangazo ya Google, zinazoonyesha mgeni ametoka kwenye tangazo gani. Msimbo wa kupima takwimu ukisubiri ukurasa unaofuata ndipo uanze kazi, alama hizo huwa zimekwisha kutoweka, na hata mgeni aliyekubali kwa moyo wote huhesabiwa kama mtu asiyejulikana alikotoka. Msimbo uwashwe papo hapo mgeni anapobofya kukubali, akiwa bado kwenye ukurasa uleule. Wanaotumia mfumo wa Google wa hali ya idhini (Consent Mode), unaozijulisha zana za Google mgeni amekubali nini, wanaweza kuhakiki katika maombi yanayotumwa: kigezo gcs huonyesha G100 pale hifadhi ya matangazo na ya takwimu zote zimekataliwa, na G111 pale zote zimekubaliwa.

Fomu ya kujiandikisha ni jambo jingine. Aliyekubali vidakuzi hajakubali kutumiwa barua pepe, na aliyetaka kupakua kijitabu asilazimishwe kukubali ufuatiliaji ili akipate. Kila idhini itunzwe peke yake, pamoja na wakati ilipotolewa, chaguo lililofanywa na toleo la maneno aliyoonyeshwa mgeni, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye ukurasa.

Hatari kubwa zaidi huja baadaye, kampeni mpya inapoanza na mtu akanakili ukurasa wa zamani, kisha akabandika pikseli, yaani kipande cha msimbo wa ufuatiliaji, ya mshirika mpya moja kwa moja kwenye msimbo wa ukurasa, nje ya mfumo wa idhini. Kwa hiyo kila nakala, hata iliyobadilishwa kichwa cha habari tu, hupitishwa upya kwenye dirisha la faragha kabla tangazo la kwanza halijalipiwa.