Mionzi si Kitu Kimoja: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kwa Kiswahili tunaita mionzi kile kinachotoka kwenye jua asubuhi, kile anachotibiwa nacho mgonjwa wa saratani pale hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, kile kilichowaua watu wa Hiroshima mwaka 1945, na siku hizi hata kile kinachotoka kwenye mnara wa simu uliosimikwa nyuma ya soko. Lugha haikukosea, kwa maana mambo hayo yana undugu. Tatizo ni kwamba mtu akisikia neno moja hudhani habari ni moja, na mabishano mengi ninayokutana nayo kuhusu simu, televisheni na hospitali huanzia hapo: huyu anazungumzia bomu, mwenzake anazungumzia redio, na wote wawili wanatamka neno lile lile kwa uhakika ule ule.

Mawimbi ya redio, mawimbi ya simu, mwanga, eksirei na miali ya gama ni mawimbi ya ukoo mmoja, yanayotofautiana kwa wingi wa mitetemo. Redio ya FM hutetema kati ya mara milioni 88 na milioni 108 kwa sekunde. Simu nyingi hutumia mitetemo ya kuanzia mamia ya mamilioni hadi mabilioni machache. Mwanga wa taa ya sebuleni hutetema kama mara trilioni 500. Na eksirei huupita mwanga huo kwa maelfu ya mara. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mawimbi haya hutoa nishati yake kwa vifungu vidogo vidogo, na kwamba nguvu ya kila kifungu hutegemea wingi wa mitetemo. Aliyewahi kutungua maembe ataelewa upesi. Embe haliangushwi na mchanga hata ukiurusha ndoo nzima. Linaangushwa na jiwe moja lenye uzito wa kutosha. Kuvunja vinasaba ndani ya seli, jambo ambalo ndilo chanzo cha saratani inayoletwa na mionzi, kunahitaji jiwe. Eksirei na gama ni mawe, mionzi ya jua ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho inayounguza ngozi, ni kokoto zinazotosha, na mawimbi ya simu ni mchanga: kifungu kimoja cha mwanga wa taa kina nguvu zaidi ya mara 100,000 kuliko kifungu kimoja cha mawimbi ya simu. Mchanga mwingi mno nao una madhara, yaani joto, na hilo tutalikuta mbele.

“Aliyepigwa mionzi huwadhuru anaoishi nao”

Naanza na dhana hii kwa sababu inaumiza watu ambao tayari wanaumwa. Shangazi yangu alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi, na aliporudi nyumbani alikuta ametengewa kikombe chake cha plastiki, cha kijani, kilichotundikwa kwenye msumari nje ya jiko ili kisichanganyike na vyombo vingine. Mjukuu wake wa miaka mitatu alipokimbia kumkalia mapajani, mama yake alimvuta mkono na kusema kwa sauti ya chini, “Mwache bibi, ana mionzi.” Shangazi hakujibu. Alijifunika khanga vizuri, akatazama sakafu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya nyumbani pale. Walikuwa na neno tu, na neno hilo waliliogopa.

Ukweli ni kwamba mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine inayopiga mionzi kutoka nje ya mwili haondoki na mionzi yoyote. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, kama vile ukizima kurunzi hakuna mwanga unaobaki ukutani. Katika saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi huongezwa tiba ya ndani, ambapo chanzo kidogo chenye mionzi mikali huingizwa karibu na uvimbe kwa dakika chache kisha huondolewa. Hapo napo mgonjwa hutoka akiwa hana kitu cha kumdhuru mwingine. Anaweza kumpakata mtoto, kula sinia moja na wenzake, kulala kitanda kimoja na mumewe. Uchovu, kukosa hamu ya kula na ngozi kuwa nyeusi mahali palipopigwa ni athari zilizo mwilini mwake mwenyewe, na haziambukizi.

Ninadhani mkanganyiko huu unatokana na kuchanganya mambo mawili ambayo babu zetu wangeyatenganisha bila shida kwa kutazama koroboi. Aliyekaa kwenye mwanga wa koroboi hanuki mafuta ya taa. Aliyemwagikiwa mafuta ndiye anayenuka, na ndiye anayeweza kumpaka mwingine. Mgonjwa wa mashine amemulikwa. Watu wa kando ya kinu cha Chernobyl, kilicholipuka tarehe 26 Aprili 1986, walimwagikiwa, kwa sababu vumbi lenye vitu vinavyotoa mionzi liliangukia nyumba, mashamba na nguo zao. Mwanasayansi Marie Curie, aliyefariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na kazi yake, aliacha madaftari ambayo hadi leo yanatoa mionzi, kwa kuwa yalishika vumbi la radiamu, metali inayotoa mionzi, aliyokuwa akiishughulikia kwa mikono.

Upo mlango mmoja ambao haufai kufungwa kwa pupa. Mgonjwa wa tezi ya shingo anayepewa iodini yenye mionzi, aimeze kama kidonge au kimiminika, hubeba chanzo hicho mwilini kwa siku kadhaa, na hospitali humwelekeza akae mbali na watoto na wajawazito kwa muda maalumu. Agizo hilo ni la tiba hiyo, na halipaswi kuhamishiwa kwa kila aliyetoka wodi ya saratani. Swali la kumuuliza daktari ni fupi: chanzo cha mionzi kimebaki ndani ya mwili, au la?

“Mnara ukisimikwa jirani, mtaa mzima utapata saratani”

Hofu hii ina chembe ya ukweli inayopaswa kusemwa wazi. Mwezi Mei 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, huku ushahidi ukiwa mdogo. Wengi huishia hapo. Wachache huendelea kusoma na kuona kwamba kundi hilo hilo lina dondoo ya jani zima la alovera, na kwamba kundi la kwanza, lile la vitu vilivyothibitishwa, lina tumbaku, pombe, soseji na nyama nyingine za kiwandani, pamoja na mwanga wa jua. Makundi hayo hupanga uzito wa ushahidi. Hayapangi ukubwa wa hatari. Mwaka 2024 mapitio makubwa ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani hayakukuta uhusiano kati ya kutumia simu za mkononi na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia kwa zaidi ya miaka kumi.

Kinachosahaulika zaidi ni umbali. Mawimbi hufifia haraka kadiri unavyoachana na chanzo: ukiwa mbali mara mbili unapata robo, ukiwa mbali mara kumi unapata sehemu moja ya mia. Antena za mnara hutupa mawimbi yake mbele, kuelekea upeo wa macho, na si chini ya miguu ya mnara, wakati simu inagusa sikio. Tena simu hurekebisha nguvu yake yenyewe: mnara ukiwa karibu hunong'ona, mnara ukiwa mbali hupiga kelele. Kila aliyekwenda kijijini ambako mtandao ni wa shida ameliona hili kwa mkono wake, pale simu inapopata moto mfukoni na chaji kuisha kabla ya adhuhuri bila hata kupiga. Mtaa unaofanikiwa kuufukuza mnara kwa hofu ya mionzi, basi, huishia kuongeza mawimbi yanayopita kwenye vichwa vya wakazi wake. Joto nililolitaja awali ndilo ambalo viwango vya kimataifa vinalizuia: kwa kichwa, kikomo kinachofuatwa na nchi nyingi ni wati 2 kwa kilo ya mwili, kiwango kilichowekwa chini sana ya kile kinachoweza kuleta madhara.

Sisemi kwamba wakazi wakubali kila mnara unaoletwa. Jenereta inayonguruma usiku kucha, moshi wa dizeli dirishani, chuma kirefu kilichosimikwa hatua chache kutoka darasa la watoto, mkataba uliosainiwa na mwenye kiwanja bila majirani kuulizwa: hayo ni malalamiko halali, na yana nguvu zaidi mbele ya halmashauri yakipelekwa kwa majina yake kuliko yakifunikwa na neno mionzi, ambalo mtaalamu mmoja mwenye kipimo atalijibu kwa dakika tano.

“5G ndiyo iliyoleta korona”

Hapa tarehe zinatosha. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, na Tanzania tarehe 16 ya mwezi huo huo. Majaribio ya 5G nchini Kenya yalianza mwaka 2021, na wateja wa kawaida wa nchi zote mbili walifunguliwa huduma hiyo mwaka 2022. Watu walikuwa wameshazikwa kabla mnara wa kwanza haujawashwa. Huko Uingereza minara ilichomwa moto mwaka 2020 kwa sababu ya uvumi huu, na mafundi waliokuwa wakihangaika kuwaunganisha watu waliofungiwa majumbani wakatukanwa barabarani.

“Ukikaa karibu na televisheni, mionzi itakuua macho”

Waliokulia nyumba zenye TV za chogo wanaikumbuka sauti ya mkubwa ikitoka jikoni: “Sogea nyuma!” Onyo hilo halikuzuka hewani. Ndani ya chogo lile mlikuwa na mtambo uliorusha elektroni, yaani chembe ndogo za umeme, kwenye kioo kwa umeme wa maelfu mengi ya volti, na elektroni zikigonga kitu kwa kasi hiyo huzaa eksirei kidogo, kwa njia ile ile ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua Ujerumani mwezi Novemba 1895. Mwaka 1967 nchini Marekani iligundulika kwamba baadhi ya televisheni za rangi zilikuwa zikivujisha eksirei kupita kiasi. Ziliitwa zirekebishwe, na mwaka uliofuata sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme ikapitishwa. Kioo cha TV kiliwekewa madini ya risasi, na ndiyo sababu mojawapo ya kubeba TV moja ya chogo kuhitaji wanaume wawili. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kasoro hiyo kushughulikiwa, na Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Onyo lilitufikia likiwa limeshachelewa, likarithiwa na TV za kioo bapa, ambazo hazina mtambo huo kabisa wala njia ya kutoa eksirei.

Hata hivyo, mzazi asilipuuze jambo lenyewe. Mtoto anayesogelea kioo kila mara huenda haoni mbali, na kusogea kwake ni dalili ya tatizo ambalo tayari lipo. Kumgombeza hakusaidii, apelekwe apimwe macho. Na kama chogo bado lipo nyumbani, cha kuogopa ni uzito wake likimwangukia mtoto anayeparamia kabati.

“Chakula cha mikrowevu kina mionzi”

Mikrowevu hutetemesha molekuli za maji zilizo ndani ya chakula mpaka zinapata moto. Mawimbi yake yako jirani na yale ya waifai, na mlango ukifunguliwa hukatika papo hapo. Chakula kinachotoka ni cha moto tu, mara nyingi cha moto pembeni na baridi katikati, na ubaridi huo wa katikati ndio wa kuangaliwa, hasa kwa kuku na wali wa jana.

“Mionzi hatari ni ya mashine, ya asili haina neno”

Picha moja ya eksirei ya kifua humpa mtu mionzi isiyozidi ile anayoipata kwa kama wiki mbili za kuishi tu duniani, kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Mwilini mwa mtu mzima atomi zaidi ya 4,000 za potasi hutoa mionzi kila sekunde, iwe amekula ndizi leo au hakula. Kilima cha Mrima huko Kwale, Kenya, kina thori, madini yanayotoa mionzi, ya kutosha kuwavuta wanasayansi kwa miongo mingi, na miamba ya fosfeti ya Minjingu mkoani Manyara, Tanzania, ina urani, inayotoa mionzi vilevile. Asili haikutuahidi usalama.

Na katika mionzi yote iliyotajwa hapa, inayowaua watu wengi wa Afrika Mashariki mbele ya macho yetu, bila mtu kuandika onyo la kusambaza, ni ya jua juu ya ngozi ya mwenye ualbino. Hana melanini, yaani rangi ya ngozi, ya kutosha kuzikinga seli zake, na wengi hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Mwalimu anayemruhusu mwanafunzi wa namna hiyo kuvaa kofia pana na mikono mirefu, na kumweka upande wa darasa usiopigwa na jua la saa saba, anamkinga na mionzi kuliko mtaa mzima ulioandamana kuung'oa mnara.