Nyumba ya tofali, mchwa watakula nini?

Swali hilo utalisikia kila kona Moshi, kuanzia Pasua hadi Majengo, na linanisikitisha kwa sababu anayeuliza huwa ameshaezeka. Kweli, zege hawali. Wanalipita. Ufa wa milimita 1 kwenye jamvi, yaani zege la sakafu, au upenyo pembeni ya bomba, unawatosha. Wakishapanda wanakuta fremu za milango, kenchi, silingi bodi na kabati la nguo.

Wengine wanasema oili chafu inamaliza kazi. Oili hukaa juu juu. Mchwa hupita pale fundi alipokata mbao bila kupaka, au hujenga njia yao ya udongo juu yake. Halafu sumu yake inabaki ardhini, na wengi wetu tuna migomba na magimbi hatua chache kutoka ukutani. Tuiache. Majivu nayo, mvua moja tu yamekwisha.

“Nimeweka mninga, sina hofu.” Mninga ni mgumu kwa mchwa sehemu ya moyo wa mti. Ile mbao nyeupe ya pembeni inaliwa kama mbao nyingine, kwa hiyo ikague kabla hujalipa.

Dhana inayogharimu watu zaidi ni kwamba dawa hupigwa mchwa wakishaonekana. Wakati wake hasa ni kabla ya kumwaga jamvi: kifusi kimeshashindiliwa, udongo unanyweshwa dawa ya mchwa iliyosajiliwa, kwa kipimo cha kwenye lebo, ndipo nailoni na zege vifuate. Kama kuna kisima karibu, mwambie mpigaji dawa mapema. Na simama mwenyewe wakati wa kujaza kifusi! Mafundi huacha humo vipande vya mbao na mifuko ya saruji. Hicho ni chakula cha mchwa chini ya sebule yako.

Kumbikumbi wakifuata taa mvua za vuli zikianza, usihangaike. Wakitoka kwenye ufa wa sakafu au ukuta, kundi limo chini ya nyumba.

Ukiona kijia cha udongo ukutani, usikikwangue chote. Vunja kipande cha kidole kimoja, urudi baada ya siku chache. Kikizibwa, wamo. Kisipozibwa, gonga fremu zote kwa mpini wa bisibisi, maana huenda wamehamia njia nyingine. Inayolia uwazi imeshaliwa ndani, hata kama rangi bado inang'aa.