Je, wajua kwa nini mteja wa mbali husita kulipia dagaa kwenye tovuti?

Mtu aliyeko Dodoma akifungua tovuti ya muuza dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, hawezi kuunusa mzigo wala kuupapasa. Amebaki na macho, na macho huamua haraka. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Canada, walionyesha kuwa watu hujenga maoni kuhusu mwonekano wa ukurasa ndani ya milisekunde 50. Ukurasa nadhifu humfanya abaki. Ili atoe pesa, anahitaji vitu anavyoweza kuvihakiki mwenyewe.

Anwani kwanza. Tangu Julai 2018, Chrome huonya kwamba tovuti si salama ikiwa inafunguka kwa http badala ya https. Cheti cha kuondoa onyo hilo hutolewa bure na shirika la Let's Encrypt. Tatizo ni kwamba cheti hudumu miezi michache tu, na anayekihuisha kwa mkono kuna siku atasahau. Mteja atakutana na onyo lililojaza kioo kizima. Mwambie fundi aweke uhuishaji wa kujiendesha. Hata hivyo cheti kinaficha taarifa zikiwa njiani tu, hakithibitishi uaminifu wa muuzaji. Tapeli naye anakipata.

Kazi kubwa iko kwenye picha. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 4. Kumi zinakula MB 40 za bando la mteja, na wengi hufunga ukurasa kabla hazijafunguka. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200 na uzito usiozidi KB 200. Ziwe zako mwenyewe, maana picha ya kuokota mtandaoni mteja anaweza kuitafuta akaikuta kwenye tovuti nyingine tatu. Piga dagaa wakiwa kiganjani, mchana, aone kama wanang'aa na kama vichwa havijakatika. Piga chanja walikokaushiwa, kisha gunia likiwa juu ya mizani, kilo zikisomeka. Kama walianikwa mchangani, andika hivyo na uweke bei yao. Ukificha, atagundua mwenyewe akitafuna mchanga, na hatarudi.

Bei iandikwe kwa kilo, na tarehe pembeni. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na kwenye mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika kwa sababu taa haziwavuti dagaa vizuri. Mzigo ukipungua, bei hupanda. Bei isiyo na tarehe humfanya mteja ahisi kwamba akipiga simu ataambiwa nyingine. "Piga simu upate bei" ni mbaya zaidi: anadhani bei itapangwa kwa kusikiliza lafudhi yake.

Halafu kuna pale biashara nyingi zinapokwama: lipa namba, yaani namba ya duka ya kupokea malipo ya simu. Mteja akiingiza namba na kiasi, simu humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri. Tovuti imeandika jina la duka, simu inaonyesha jina la mtu asiyemjua. Hapo anaghairi, na ana haki. Jina lililosajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara), la kwenye tovuti na la kwenye lipa namba yawe mamoja. Kama haiwezekani kwa sasa, andika chini ya namba hiyo: "Jina litakalotokea ni hili", ulitaje lilivyo, herufi kwa herufi.

Eleza pia duka liko wapi kwa alama ambayo dereva wa bodaboda anaijua, mzigo unapanda basi gani, nauli inalipwa na nani, na ukifika umelowa nani anabeba hasara. Hili la mwisho wengi hulikwepa, ilhali ndilo mnunuzi wa gunia zima analotafuta. Kwenye fomu ya oda omba jina, simu na mahali pa kupeleka, basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ukusanye kile unachokihitaji tu.

Kabla ya kuitangaza tovuti, mpe simu ya bei nafuu mtu asiyeijua biashara yako, atumie bando wala si Wi-Fi, atafute bei, duka lilipo na jina la atakayepokea pesa. Usimsaidie. Kila swali atakalokuuliza, jibu lake liandike kwenye ukurasa.