Je, wajua kwa nini nyumba ya mawe ya zamani hukataa kupata joto usiku wa kwanza?

Julai mwaka jana tulikodi nyumba ya mashambani karibu na Molo, kwenye nyanda za juu za Kenya, kwa wikendi moja. Ni moja ya zile nyumba za walowezi: kuta za mawe, paa la mabati mekundu, baraza pana mbele, na sebuleni meko ya ukutani ambayo mtoto wa darasa la pili angeingia akiinama kidogo tu. Tulifika Ijumaa jioni. Moto uliwashwa saa kumi na mbili, ukawaka vizuri, na kufikia saa nne usiku rundo lote la kuni lililokuwa barazani lilikuwa limekwisha. Bado tulilala na makoti. Usiku wa Jumamosi, kwa moto mdogo kuliko ule, watoto walivua sweta wenyewe bila kuambiwa.

Mzee anayeitunza nyumba alikuwa ameniambia asubuhi ile ya kwanza, "Hii ni nyumba ya siku mbili, mama. Mkirudi tena, nipigie simu Alhamisi." Nilidhani anataka muda wa kutafuta kuni kavu zaidi.

Nilikosea, na kosa lenyewe linastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu karibu kila mtu niliyemsimulia habari hii alikuwa nalo. Tunaona ukuta wenye unene wa nusu mita na tunasema: huu ni kama blanketi zito, lazima uhifadhi joto la ndani. Basi nyumba ikiwa baridi, tunatafuta mkosaji mwingine. Kuni zilikuwa mbichi. Dirisha lina mwanya. Meko ni ndogo. Mimi nililaumu kuni, kisha mlango wa jikoni, nikaukunjia taulo chini.

Lakini ukuta wa mawe si blanketi. Blanketi halina joto lake. Kinachofanya kazi ndani yake ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi za sufu, hewa isiyosogea, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Ndiyo maana kikapu cha kupikia kilichojazwa vitambaa huivisha githeri usiku kucha bila moto. Jiwe ni kitu kingine kabisa. Jiwe zito la kujengea hupitisha joto mara thelathini au arubaini kuliko sufu ya unene uleule. Hapa kwetu tofauti ni ndogo kidogo, kwa kuwa mawe mengi ya Bonde la Ufa ni majivu ya volkano yaliyoshikamana, yenye vitundu vidogo vya hewa ndani. Hata hivyo bado ni mara kumi au zaidi, na jiwe likilowa maji hupitisha joto zaidi. Ukifanya hesabu, ukuta wa sentimita 45 huzuia joto lisitoke kama vile tabaka la sufu lenye unene wa sentimita 1 hadi 4 na nusu tu. Nusu mita ya mawe, na kazi yake ya kuzuia joto inafanywa na kitu chembamba kuliko godoro la mtoto mchanga. Nilipoiona hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimeweka nukta mahali pasipo pake.

Hata hivyo unene ule una kazi, nayo ni ya kumeza joto na kulitunza.

Fikiria chapati. Kila anayezipika anajua chapati ya kwanza haitoki kama nyingine. Kikaango ni chuma kizito, na moto unaouona chini yake haujaufikia unga bado. Unakipasha chuma kwanza. Ukiwa na haraka, chapati ya kwanza hukaukia pale ikiwa nyeupe. Kufikia ya tatu, kikaango kimeshiba. Sasa unaweza hata kupunguza moto na chapati zikaendelea kuiva, kwa kuwa joto linatoka kwenye chuma chenyewe. Nyumba ya mawe ni kikaango hicho, na mgeni wa Ijumaa jioni ndiye chapati ya kwanza.

Tofauti ni ukubwa. Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, yenye kimo cha mita 3. Kwenye mwinuko wa Molo, hewa yote iliyomo ina uzito wa kilo 55 hivi, sawa na kijana wa sekondari. Kuta zinazoizunguka, ukitoa milango na madirisha, zina uzito wa takriban tani 35, yaani lori tatu za tani 10 na nusu ya la nne. Kilo ya hewa na kilo ya jiwe huhitaji joto linalokaribiana ili zipande nyuzi joto moja. Kwa hiyo moto wako unaipasha hewa kwa dakika chache, halafu hewa hiyo inakutana na tani 35 za kitu baridi chenye kiu.

Kuzipandisha tani hizo nyuzi 5 kungehitaji joto la kilo 10 za kuni kavu, kama kila chembe ya joto ingeingia ukutani. Haiingii. Meko ya wazi hupeleka sehemu kubwa ya joto lake juu kwenye dohani, au chimni kama wengi wetu tunavyoiita. Chumbani hubaki kama sehemu moja ya kumi, pengine zaidi kidogo. Basi zile kilo 10 zinakuwa 70 hadi 100. Haya ni makadirio, na mawe ya machimbo mawili hayalingani, lakini hata ukiyapunguza nusu utaona kwamba rundo la kuni la jioni moja halitoshi.

Mbona basi usiku wa pili ulitosha? Kwa sababu si lazima ukuta wote ushibe. Joto husafiri ndani ya jiwe polepole. Kuupenya ukuta mnene namna hii kunachukua karibu nusu siku. Kinachokuhusu wewe uliyeketi ndani ni sentimita 10 au 15 za upande wako. Moto wa Ijumaa, makaa yaliyobaki hadi alfajiri, jiko la kupikia la Jumamosi asubuhi, pumzi na miili ya watu sita mchana kutwa: vyote hivyo vilikuwa vikilijaza tabaka hilo wakati mimi nikihangaika na taulo mlangoni.

Liko jambo la pili, nalo ndilo lililonishangaza zaidi. Ungetundika kipimajoto katikati ya sebule saa tatu usiku ule wa Ijumaa, huenda kingesoma nyuzi 19, joto la kutosha kabisa, na bado tungetetemeka. Mwili wa binadamu hutoa mnururisho wa joto wakati wote kuelekea vitu vinavyouzunguka, na vitu hivyo huurudishia wa kwao. Ukikaa karibu na ukuta wa nyuzi 12, unaupelekea joto zaidi ya unalolipokea. Kwa kukadiria, joto unalolihisi ni wastani wa joto la hewa na joto la kuta: 19 na 12 zinakupa kama 15 na nusu. Hivyo ndivyo mtu anavyoungua magoti mbele ya meko huku mgongo wake ukiganda. Mgongo unaupasha ukuta.

Pengine unauliza baridi hiyo inatoka wapi, ikiwa mstari wa ikweta unapita si mbali na hapo. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nakuru mjini iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Molo ni kama 2,500, na Timboroa inapita hapo. Usiku wa Julai huko hushuka chini ya nyuzi 10, na zipo asubuhi ambazo umande hupatikana umeganda kwenye majani. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita nyanda hizi, na walowezi wakaifuata. Wamaasai waliondolewa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, na mashamba makubwa yakapimwa. Nyumba za mwanzo za Wazungu zilikuwa za udongo na nyasi kama za majirani zao. Za mawe zilifuata fedha zilipopatikana, hadi kufikia kitu kama kasri la Lord Egerton huko Njoro, lililoanza kujengwa 1938 na kumalizika 1954. Baada ya uhuru nyingi ziligeuka kuwa makazi ya familia, ofisi za mashamba au shule, na chache sasa hukodishwa kwa wageni wa likizo.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya nyumba ya zamani na nyumba hiyohiyo leo. Zamani meko yake haikuzimika msimu wote wa baridi. Moto wa jioni ulikuta kuta zenye joto la moto wa jana, na jikoni stovu ya kuni ilikuwa ikiwaka tangu alfajiri. Leo nyumba inakaa tupu kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Siku tano zinatosha kwa tani zile kurudi kwenye baridi ya nje, na unyevu ukirudi nazo, basi sehemu ya moto wa mgeni inatumika kwanza kuukausha ukuta. Nyumba haijaharibika hata kidogo. Ratiba ya watu wake ndiyo iliyobadilika.

Linganisha na nyumba ya udongo yenye paa la nyasi waliyoijenga wenyeji wa nyanda hizo za juu. Nyasi zilizopangwa kwa unene ni blanketi halisi, kwa kuwa zimejaa hewa iliyotulia. Kuta ni nyembamba, chumba ni kidogo, moto uko katikati kwenye mafiga, na hakuna dohani ya kuunyonya. Moshi unajipenyeza taratibu kwenye nyasi. Nyumba hiyo hupata joto kabla sufuria haijachemka. Macho na mapafu hulipa gharama ya moshi huo, hilo si la kufichwa, lakini kwa kushika joto, mafundi wake walilielewa jambo ambalo mimi niliyesoma fizikia sikulielewa.

Na ukuta mnene una sifa yake mahali pake. Nyumba za mawe ya matumbawe za Lamu zina kuta za unene kama huo, na watu hukimbilia ndani yake adhuhuri kwa sababu ileile iliyotutesa Molo: ukuta unameza joto kabla halijamfikia mtu. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, jengo la zamani la mawe ni kimbilio saa tisa alasiri. Ubaya ni kwamba joto lililomezwa mchana hulipwa usiku, na ukuta wa magharibi unaweza kuwa vuguvugu wakati unapotaka kulala.

Ukikodi nyumba ya namna hii sehemu za Molo, Njoro au Mau Summit, mwombe mtunzaji awashe moto siku moja kabla hujafika na umlipe hizo kuni. Ni pesa zinazofanya kazi kuliko kuni maradufu za Ijumaa. Moto mdogo usiozimika ni bora kuliko mkubwa wa muda wa saa tatu. Sogeza vitanda kutoka ukuta wa nje, hata sentimita 50 tu, na utundike shuka nzito au blanketi ukutani upande wa kichwani. Hapo sufu inafanya kazi yake mbele ya jiwe. Mchana fungua mapazia ya upande wa kaskazini, kwa sababu mwezi wa Julai jua la ikweta hukaa upande huo. Baraza lile pana linalopendeza kwenye picha huuzuia ukuta wa mbele usipate jua, kwa hiyo chumba kilicho nyuma yake mara nyingi ndicho baridi kuliko vyote.

Jambo moja usilifanye kamwe: usiingize jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na imeua familia nzima zikiwa usingizini katika nchi hii. Baridi ya usiku mmoja inavumilika.

Na kama bado unachagua nyumba kwa picha, tazama dohani inatokea wapi kwenye paa. Ikiwa imesimama kwenye ukuta wa mwisho wa nyumba, upande wake mmoja uko nje, na mawe yaliyopashwa na moto wako yanapasha bustani pia. Ikitokea katikati ya paa, meko iko kwenye ukuta wa ndani, na joto linaloingia kwenye mawe hayo hutokea chumba hiki au kile. Ile ya Molo ilikuwa ya katikati. Jumapili alfajiri niliamka, moto umezimika tangu saa tano, nikaweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha watoto, ule unaopakana na meko. Ulikuwa na joto kama la mgongo wa mtu aliyelala.