Fundi, Nimeitia Mafuta

Jumamosi nimeletewa mota nyingine inayonuka mafuta. Mwenyewe, kijana anayerusha ndege yake ndogo ya rimoti upande wa Entebbe, akaniambia kwa fahari: "Fundi, ilikuwa inalia, nikainyunyizia mafuta ya kopo, ikanyamaza." Ilinyamaza siku mbili. Hii ni ya nne tangu mvua zianze, na sasa nimechoka.

Kinacholia ni beringi, na mafuta yale mepesi yanaosha grisi yake, halafu yenyewe yanakauka, na unyevu uliobaki unanasa vumbi letu jekundu hadi ndani panakuwa msasa. Beringi iliyolika ni chuma kilichochimbika. Hakuna kopo linaloziba mashimo. Toa, weka mpya.

Ila hakikisha kwanza. Wengi wanazungusha mota kwa mkono, wanasikia inakwamakwama, basi, "beringi imekufa". Hizo ni sumaku! Mota ya meno 12 ya kuzungushia waya na sumaku 14 inakwama mara 84 kwa mzunguko mmoja hata ikiwa mpya. Vua kikombe (sehemu ya nje inayozunguka, yenye sumaku) pamoja na shafti yake, ingiza kijiti cha meno katika ringi ya ndani ya beringi, zungusha. Ukihisi mchanga, hapo kweli imekufa.

Kuvua hakuna maajabu: saklipu, yaani kibanio kinachozuia shafti (ifunike kwa kitambaa, itaruka), skrubu ya shafti kama ipo, kisha vuta kikombe wima. Pima beringi kwa venia, kile kipimo cha taya. Beringi ya namba 693ZZ, yenye vifuniko, ni milimita 3 (tundu) kwa 8 (nje) kwa 4 (unene). Shafti ya 3.17 ni inchi 1/8, haiingii kwenye tundu la 3, na tafadhali usiipige tupa.

Sasa kinachonikera hasa. Watu wanaweka beringi mpya juu ya tundu la stata (sehemu isiyozunguka, yenye waya), wanachukua bisibisi, wanagonga katikati. Katikati! Ringi inayobana kwenye alumini ni ya nje. Ukigonga ya ndani, pigo lote linapita kwenye gololi ndogo kama ulezi, nazo zinatoboa vidimbwi kwenye njia yake. Beringi imekufa kabla ya kuruka, halafu lawama kwa Mchina. Fundi wa Katwe, kule Kampala, akipachika beringi ya gurudumu hutafuta ringi kuukuu inayolingana na ya nje ndipo agonge. Wewe mwenye ndege unashindwaje? Mimi hata sigongi: bolti ndefu, nati, na washa (kile kiduara bapa cha bolti) inayogusa ringi ya nje tu, nakaza taratibu. Shafti ikiwa ndiyo inayobana, geuza mambo, sukuma ya ndani. Sukuma ringi inayokataa, siyo inayokubali.

Ikigoma, pasha stata joto kidogo. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kikombe kiweke mbali, maana sumaku za kawaida za neodimiamu zikipita nyuzi 80 huanza kupoteza nguvu, na hazirudishi.

Kuhusu tone la gundi kwenye ringi ya nje, sina msimamo. Tundu likiwa limelegea naweka, lakini mara mbili gundi imepenya hadi kwenye gololi nikaanza upya.

Ile ya Jumamosi bado iko mezani. Beringi ya nyuma imetoka, ya mbele imeshikwa na kutu. Ni mota ya bei ndogo, na kusema kweli, nikihesabu beringi mbili, nauli na saa zangu, huenda kijana angenunua nyingine. Hajaniuliza, nami sijamwambia.