Kikasha Kimoja Hakiziunganishi Anwani Zako

Wapo wengi hapa Mtwara wanaoamini kwamba ukishaziingiza anwani zako mbili au tatu za baruapepe katika programu moja ya simu, anwani hizo zimekuwa kitu kimoja, na kwamba ile ya zamani yaweza kufungwa bila hasara. Sivyo. Kila akaunti hubaki kwenye seva yake, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua, na nywila yake. Programu huzionyesha barua pamoja tu, katika kikasha (inbox) kimoja. Kwa itifaki ya IMAP, yaani kanuni ambazo programu huzitumia kuzisoma barua zilizoko kwenye seva, ambayo Mark Crispin aliibuni mwaka 1986, barua unayoisoma kwenye simu ipo kwenye seva, hivyo ukiifuta kikashani, kwa kawaida hufutika na huko.

Ninalolihofia zaidi ni majibu. Katibu wa chama cha ushirika Masasi, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, anaweza kumjibu mnunuzi kwa anwani yake binafsi bila kukusudia, na mnunuzi, akiona anwani asiyoijua, akamdhania tapeli. Kabla ya kutuma, tazama mstari wa "Kutoka" juu ya barua: ukiugusa, programu nyingi hukupa orodha ya anwani zako uchague inayofaa. Na akaunti ya zamani usiifunge kabla ya kuzihamisha barua zake na kuwaarifu wanaokuandikia huko.